Aya Tunayomdanganyia Mkulima

Katika kila pendekezo la utafiti linaloandikwa hapa chuoni kuna aya fupi yenye kichwa "Umuhimu wa Utafiti". Wote tunaijua. Huandikwa mwisho kabisa, usiku, bando likiwa linakata, na mara nyingi tunaidesa kutoka kazi ya mwaka juzi. Huanza hivi: "Matokeo ya utafiti huu yatamsaidia mkulima mdogo..." Kutoka hapo tunamwahidi huyo mkulima mdogo kila kitu: mbegu bora, mavuno mengi, soko la uhakika, hata ukame tunamwondolea. Tunachapa, tunajalidi, tunakabidhi. Hakuna anayerudi kumuuliza kama vilimfikia.

Na mimi niliiandika aya hiyo. Tofauti yangu na wengi wenu ni moja tu: mkulima mdogo niliyemwandika ana namba yangu ya simu. Ni mama yangu.

Ninachotaka kusema ni kwamba aya hiyo, kwa jinsi tunavyoiandika, ni uongo, na uongo huo una gharama. Nitatumia kazi yangu mwenyewe kueleza, ili nisionekane ninawasema watu.

Kazi yangu ya mwaka wa tatu inahusu DNA ya kloroplasti ya kiazi mviringo. Kwa wale wa fani nyingine: ndani ya seli za jani la kijani kuna vijichombo vidogo vinavyoitwa kloroplasti. Humo ndimo mwanga wa jua unapotumika kutengeneza chakula cha mmea. Kloroplasti zina DNA yake zenyewe, mbali na ile iliyomo kwenye kiini cha seli, kwa sababu zamani sana babu zake walikuwa bakteria waliojitegemea. DNA hiyo ni fupi. Ya kiazi ina herufi 155,000 na ushee, na kwa kawaida huchorwa kama duara lenye sehemu nne: sehemu moja kubwa, moja ndogo, na mbili zinazofanana kabisa ila zimegeuziana. Linganisha na DNA ya kwenye kiini, ambayo watafiti waliochapisha jenomu ya kiazi mwaka 2011 waliikadiria kuwa na herufi milioni 844. Hiyo ni zaidi ya mara 5,000.

Mwaka 2006 watafiti wa Korea Kusini walichapisha mfuatano wote wa kloroplasti ya aina ya kiazi inayoitwa Désirée. Ni kiazi cha Uholanzi chenye ganda jekundu, kilichoingia sokoni mwaka 1962. Maabara nyingi hukipenda kwa sababu ukikata kipande cha jani lake ukakilea vizuri kwenye chupa, huota mmea mpya bila usumbufu mwingi. Walihesabu herufi 155,312. Hawakuwa wa kwanza duniani kusoma kloroplasti nzima. Tumbaku na mmea mmoja mdogo wa jamii ya kuvumwani zilishasomwa Japani tangu 1986. Lakini kwa kiazi tunachokula, hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Sasa jamani, msidhani niliingia maabara ya maana. Mfuatano huo upo bure GenBank, hazina ya DNA inayotunzwa Marekani na iliyo wazi kwa yeyote. Faili lake ni dogo kuliko picha moja ya simu. Nililipakua nikiwa nimekaa kwenye ngazi za bweni. Nikapakua na la kiazi mwitu kimoja cha Meksiko, Solanum bulbocastanum, ambacho nacho kilisomwa mwaka huohuo wa 2006. Kisha nikaipanga mifuatano hiyo miwili sambamba kwenye kompyuta mpakato ya kuazima, herufi kwa herufi.

Karibu mwendo wote inafanana. Unashuka ukurasa baada ya ukurasa, A chini ya A, G chini ya G, hadi macho yanachoka. Halafu, katikati ya jeni mbili, upande wa Désirée unakata. Vistari vitupu, mstari baada ya mstari. Herufi 241 hazipo. Kiazi mwitu kinazo, kiazi cha mezani hakina.

Pengo hilo sikuligundua mimi, na hata Wakorea hawakuwa wa kwanza kuliona. Watafiti wa Japani walilitambua miaka mingi kabla. Lakini kuliona kwa macho yako mwenyewe ni kitu kingine. Usiku ule nililala saa tisa.

Asubuhi yake, nikiwa na furaha hiyo kichwani, ndipo nikaandika "Umuhimu wa Utafiti". Sentensi yenyewe hii hapa, sijaibadilisha: "Utafiti huu utawawezesha wakulima wadogo wa Nyanda za Juu Kusini kutambua mbegu halisi za viazi na hivyo kuongeza kipato." Nusu ya sentensi niliidesa. Ilipita bila swali.

Baada ya wiki kama tatu mama akapiga simu. Likizo iliyotangulia nilikuwa nimemsomea pendekezo langu, mtoto wa kwanza kufika chuo lazima ajionyeshe kidogo. Yeye analima viazi huko Njombe, ekari moja na robo, na fedha yangu ya kujikimu kabla bumu halijaingia hutoka kwenye magunia hayo.

"Mwanangu," akasema, "wewe si ndiye unayepima viazi?"

"Ndiyo, mama."

"Zile mbegu nilizonunua msimu huu, yule bwana aliniambia ni Kikondo halisi. Nimepanda, vimetoka vidogo kama limau, na majani yamejikunja. Nataka nikutumie majani kwa basi. Upime, uniambie kama nilipigwa. Kama nilipigwa nikamdai hela yangu."

Nikanyamaza. Mama akadhani mtandao umekata. "Haloo? Haloo?"

Jibu nilikuwa nalo, na ndilo lililonifunga mdomo. Nisingeweza kumwambia. Hata ningepewa mashine ya kusoma DNA na fedha yote ya idara, njia niliyoiandikia isingejibu swali lake. Na nilipaswa kulijua hilo siku naandika ile sentensi, maana limo kwenye somo la mwaka wa pili.

Kwenye viazi, kloroplasti hurithiwa kwa mama. Chavua ya baba huleta jeni za kiini tu. Kwa hiyo ukisoma DNA ya kloroplasti unasoma ukoo wa kikeni: mama, bibi, mama wa bibi. Aina mbili za viazi zenye ganda tofauti, ladha tofauti na mavuno tofauti zinaweza kuwa zimetoka kwa bibi mmoja, na kloroplasti zake zikafanana kabisa au karibu kabisa. Lile pengo la herufi 241 limo kwenye aina nyingi sana za viazi vya kisasa duniani, si Désirée peke yake. Kumpimia mama kloroplasti ili ajue kama alipewa Kikondo ni sawa na kumtambua mtu kwa jina la ukoo katika kijiji ambacho nusu ya watu wana jina hilo. Kutambua aina kwa uhakika kunahitaji alama za DNA ya kwenye kiini, ambako baba na mama wote wameacha mkono wao.

Tena huenda hata hilo lisingekuwa swali lenyewe. Majani yaliyojikunja na viazi vidogo ni dalili ambazo mara nyingi huletwa na virusi. Viazi vinavyorudiwa kupandwa msimu kwa msimu hukusanya virusi, na vidukari huvisambaza kutoka shina hadi shina. Yule bwana anaweza kuwa alimuuzia mama Kikondo halisi kabisa, ila iliyochoka na kuugua. Ukoo safi, mwili mgonjwa.

Nikamwambia mama ukweli. Nilimwambia, "Mama, nilikuandika vibaya. Ninachosoma mimi hakiwezi kukuambia hilo." Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kuelewa: "Sasa uliandika ya nini?"

Swali hilo ndilo ninalowaletea ninyi.

Msinielewe vibaya. Sisemi kusoma kloroplasti ya kiazi hakuna maana. Kuna maana sana, ila siyo ile niliyoiandika. Chukueni mfano mmoja. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kuhusu viazi vya Ulaya. Mwaka 1929 Warusi wawili, Juzepchuk na Bukasov, walisema viazi vya Ulaya vilitoka Chile. Waingereza, akina Salaman na Hawkes, wakasema hapana, vilitoka milima ya Andes, na vile vya Chile viliingia baadaye tu, baada ya ugonjwa wa ukungu wa miaka ya 1840 kuteketeza viazi vya zamani. Huo ndio ukungu ulioleta njaa ya Ayalandi iliyoua watu wapatao milioni moja. Kila upande ulikuwa na hoja zake za majani, maua na urefu wa mchana.

Mwaka 2008 watafiti wawili, Ames na Spooner, walichukua majani ya viazi yaliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi za makumbusho ya mimea, mengine ya karne ya 18, wakatoa DNA kutoka sampuli 49. Walitafuta kitu kimoja: je, lile pengo la herufi 241 lipo au halipo? Viazi vya Chile kwa kawaida vinalo. Vya Andes kwa kawaida havina. Wakakuta kwamba viazi vya Andes ndivyo vilivyotawala Ulaya katika karne ya 18, lakini vya Chile vilishafika mwaka 1811, zaidi ya miaka 30 kabla ya ukungu. Na vile vya Andes havikuteketea. Viliendelea kuonekana hadi 1892. Pande zote mbili zilikuwa zimepata nusu na kukosa nusu.

Ubishi wa karibu miaka 80 ukapata jibu kwa majani makavu na pengo la herufi 241. Hakuna gunia hata moja lililoongezeka siku ile. Lakini tulijua kitu cha kweli kuhusu chakula cha mamilioni ya watu, na tulikijua kwa sababu kuna mtu alisoma kloroplasti kwa uvumilivu bila kuahidi kuitajirisha dunia. Wazalishaji wa mbegu nao hujali ukoo wa mama, kwa sababu unaweza kuhusiana na uzima wa chavua, na chavua ikiwa dhaifu huwezi kuutumia mmea huo kama baba. Hiyo ni faida halisi. Ni ndogo, ni ya kitaalamu, na inatosha kuandikwa kama ilivyo.

Basi nikairudia ile aya. Nikafuta mkulima mdogo, nikafuta kipato. Nikaandika kwamba kazi hii inaonyesha jinsi kloroplasti ya kiazi cha mezani inavyotofautiana na ya kiazi mwitu, na kwamba inanifundisha mimi kulinganisha mifuatano. Chini yake nikaongeza: "Njia hii haiwezi kutambua aina ya mbegu wala ugonjwa."

Siku ya kuwasilisha, mjumbe mmoja wa jopo alifungua ukurasa huo akavua miwani. "Binti, hapa manufaa kwa jamii yako wapi?" Nikaeleza. Akasema, "Kama mkulima hafaidiki, kwa nini tukupitishe? Nenda karekebishe." Mwenzangu aliyefuata aliahidi kwamba utafiti wake wa rangi ya ua la alizeti utaondoa umaskini katika mkoa mzima. Akapigiwa makofi.

Nimerudishwa na sijui kama nitapita kwa wakati. Kwa hiyo msione naandika haya nikiwa salama.

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza: bila kutaja mkulima hupati ufadhili. Kwa wakubwa wenye miradi, labda. Lakini mimi na wewe tunaomba ufadhili gani? Kazi yangu iligharimu bando na vikombe vya chai. Tumeiga lugha ya kuomba mamilioni ilhali hatuombi hata nauli. Tunajizoeza uongo kabla hata haujaanza kutulipa.

La pili ni zito zaidi: nchi yenye watu wenye shida haina nafasi ya kusomea udadisi. Nimelifikiria hili sana, maana ada yangu ni jasho la mtu mwenye viazi vya ukubwa wa limau. Jibu langu ni kwamba ujuzi wa kulinganisha mifuatano ndio huohuo unaotumika kutambua virusi vya viazi, au vya batobato ya muhogo. Aliyejifunza vizuri kwenye faili dogo la bure ataweza kulishika kubwa akipewa. Sisemi kwamba nitafanya hivyo. Nasema hiyo ndiyo njia ilivyo. Na kama kweli tunataka utafiti wa kumsaidia mkulima, basi tuufanye huo: tuanze na swali lake, tutafute njia inayolijibu. Kuchukua swali letu tukalivisha nguo za mkulima hakumsaidii yeye wala sisi.

Gharama ya uongo huu ni hii. Kijijini kwetu watu wamejaza madodoso mpaka wamechoka. Kila mwanachuo anayekuja anasema matokeo yatawasaidia. Hakuna anayerudi. Siku atakayekuja mtu mwenye kitu cha kweli mkononi, atakuta mlango umefungwa, na tutakuwa tumeufunga sisi, aya kwa aya.

Ninaomba mambo mawili. Serikali yetu ya wanafunzi ipeleke hoja kwenye vitivo kwamba kila pendekezo liwe na sentensi inayojibu swali hili: njia yako haiwezi kujibu nini? Najua kuna sehemu ya "Mipaka ya Utafiti", lakini humo wote tunaandika ufinyu wa muda na uhaba wa fedha, kana kwamba tungekuwa na muda na fedha tungejua kila kitu. Mimi ningepewa miaka kumi na mabilioni, kloroplasti ingebaki kuwa habari ya mama peke yake.

La pili linawahusu ninyi mnaokabidhi mwezi huu. Kabla hujapeleka kazi yako kujalidiwa, mpigie simu mtu mmoja uliyemtaja kwenye aya ile: mkulima, mvuvi, mama lishe, dereva wa bodaboda. Lazima unamfahamu mmoja. Msomee hiyo aya kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida. Halafu mwache aulize swali.

Mimi mama hajaniuliza tena kuhusu kloroplasti. Nilimtafutia kitu kingine kwa mtaalamu wa viazi: mimea ikianza kutoa maua, apite shambani aweke kijiti kwenye kila shina lenye afya, na mbegu ya msimu ujao itoke kwenye mashina yenye vijiti tu. Jana alinipigia. Kati ya mistari minne ya kwanza ameweka vijiti kumi na saba. Aliniuliza kama ni vichache. Nikamwambia sijui, ila nitauliza.